Mashine isiyo na mdomo

Ubishi wa Play 6 umeanza tena. Itakuwa na nguvu gani, itatoa picha ya 8K ama hapana, itatoka mwaka gani. Video zinazunguka kwenye vikundi vyetu vya WhatsApp, nyingi za Kifaransa: kijana amekaa mbele ya taa za zambarau, anahesabu teraflopu kama vile anahesabu mifuko ya mpunga bandarini. Na tangu Oktoba 2025 wana kitu cha kushika. Mwezi ule Mark Cerny, fundi mkuu nyuma ya Play 4 na Play 5, alitokea kwenye video pamoja na kiongozi mmoja wa AMD, wakaeleza teknolojia ya chipu wanayoiandalia konsoli itakayokuja baada ya miaka michache. Nimeitazama mara mbili. Inahusu mwanga, vivuli, na jinsi ya kubana data. Ni kazi ya akili, sibishi.

Ila nina swali ambalo hakuna hata mmoja wao aliyeligusa. Hiyo mashine itakuwa na mdomo?

Mdomo ndilo jina ambalo watoto wa sali ya Play hapa Barumbu wameupa ule mwanya wa kuingizia CD. "Mdomo yake inakataa," wanasemaka, maana yake mashine haisomi tena. Kwa sisi watu wa huku, huo mwanya ni jambo kubwa kuliko chipu yote ya AMD, na nitaeleza kwa nini.

Tuanze na namna tunavyonunua, juu wale wa video wanadhani dunia nzima inanunua kama wao. Wao wanaagiza mapema, katoni inafika mlangoni siku ya kwanza, na ikitoka mpya wanaachana na ya zamani. Kwetu mashine haifiki ikiwa mpya. Inafika kupitia Kisangani mjini, na mji wenyewe unaipata ama kwa barabara ya taifa namba 4, mikononi mwa wafanyabiashara wa Butembo na Beni, ama kwa mto kutoka Kinshasa, kilomita kama 1,700 juu ya boti. Njia ya tatu ni mjomba wa Poto anayekuja likizo na Play iliyochoshwa na watoto wake, ameifunga ndani ya nguo kwenye valizi. Inafika imeshatumika, imeshafunguliwa, mara nyingi na maneti moja. Halafu ndipo maisha yake yanaanza! Familia itaicheza, itauzwa kwa mwenye sali, itavuta faranga 500 kwa mechi mpaka itoe moshi, na mwisho itakuwa spea ya mwenzake.

Kwa hiyo konsoli haipimwi siku inapotoka kwenye katoni. Ipimeni mwaka wake wa nane, ikiwa kwa mtu wa tatu au wa nne.

Kwa kipimo hicho Play 2 bado ni mfalme. Ilianza kuuzwa Japani tarehe 4 Machi 2000, na Sony walipoacha kuitengeneza mwanzoni mwa 2013 walikuwa wameuza zaidi ya milioni 150, hakuna konsoli nyingine iliyouzwa zaidi. Lakini sisemi ni mfalme kwa sababu ya hesabu hiyo. Nasema hivyo kwa sababu haikuuliza kitu. Haikuuliza akaunti, haikuuliza intaneti, haikuuliza unaishi wapi. Unaweka CD, inazunguka, unacheza. Ligi yako nzima inakaa kwenye kadi ya MB 8 ambayo unaweza kuiweka mfukoni ukaenda nayo kwa rafiki, mkaendelea pale mlipoishia. Ile nyembamba inakula chini ya wati 50, kwa hiyo paneli ya jua na betri ya kawaida vinaisukuma pamoja na televisheni ndogo. Play 5 ikiwa kazini inataka karibu wati 200. Maneti yake unaifungua kwa bisibisi moja, unasafisha vile vigozi vya ndani, unarudisha.

Sasa kuna kanuni moja ambayo sijaiona kwenye video hata moja, na kwa mnunuzi wa huku ina faida kuliko teraflopu zote. Angalia mpira. Mchezo wa mpira ndio unaokuja wa mwisho kuihama mashine ya zamani. Play 2 ya mwaka 2000 ilipata FIFA 14 na PES 2014, zote za 2013: miaka kumi na tatu. Play 3 ya 2006 ilipata FIFA yake ya mwisho, FIFA 19, mwaka 2018: miaka kumi na miwili. Play 4 ya 2013 ilipata FC 26 Septemba 2025, na hiyo tena ni miaka kumi na miwili. (Ndiyo, tangu 2023 jina rasmi ni EA Sports FC. Huku hakuna anayeliita hivyo. Zamani kila mpira ulikuwa PES, sasa kila mpira ni FIFA, na hivyo itabaki.) Ukifuata hesabu hiyo, Play 4 imefika ukingoni mwa mpira mpya. Tangazo rasmi la kwamba inaachwa sijaliona, lakini mimi nisingeinunua leo kwa matumaini ya vikosi vya mwaka 2028.

Je, vikosi vipya ni lazima? Nenda sali yoyote utaona PES 2013 bado inajaza benchi. Konami wenyewe mwaka 2021 walibadili PES ikawa eFootball, ya bure, ya kupakua, ya kuchezwa kwenye mtandao. Sali zetu hazikuwafuata. Zilibaki na diski za zamani ambazo mafundi wanazibandika majina mapya na jezi mpya kila msimu. Brazili wana kazi ya namna hiyo inayojulikana kila mahali, Bomba Patch, PES ya Play 2 yenye timu zao na sauti za watangazaji wao, inasasishwa miaka na miaka baada ya kiwanda kuiacha. Nangoja siku mtu wa Kisangani atuwekee TS Malekesa na AS Nika kwenye diski moja, na kelele za uwanjani ziwe za kwetu.

Nirudi kwenye mdomo. Mwaka 2013 Microsoft walitangaza Xbox One, wakasema itabidi iguse intaneti angalau mara moja kila saa 24, na wakaweka vizuizi juu ya kuuziana na kuazimana diski. Dunia ya wachezaji ikapiga kelele. Sony wakatoa video fupi ya dhihaka kuonyesha namna ya kuazimana mchezo kwenye Play 4: mtu anampa mwenzake kasha, basi, imekwisha. Tarehe 19 Juni 2013 Microsoft wakarudi nyuma. Kila mtu akafurahi, akaenda kulala.

Tazama sasa kilichopita mlangoni wakati watu wamelala. Play 5 ilitoka Novemba 2020 kwa sura mbili, yenye mdomo dola 499 na isiyo na mdomo dola 399. Mwaka 2023 ikaja nyembamba, mdomo wake unachomolewa, na ukiuchomeka mara ya kwanza lazima mashine iwe na intaneti ili iutambue. Soma tena hapo. Kusoma diski uliyoinunua, kwanza omba ruhusa. Novemba 2024 ikaja Play 5 Pro: dola 699.99 bila mdomo kabisa, ukiutaka unaununua kando. Nintendo nao, Juni 2025, Switch 2 ina kadi za michezo ambazo ndani yake hakuna mchezo, kuna ufunguo tu. Mchezo wenyewe unaupakua. Walichokataa kwa kelele mwaka 2013 wamekipokea kidogokidogo, na safari hii Sony hawakutoa video ya dhihaka.

Kupakua si neno dogo. Diski ya Play 2 ilibeba GB 4.7, ama 8.5 kwa zile za tabaka mbili. Leo mchezo mkubwa kama Call of Duty unapita GB 100. Chukua bei ya mega unayolipa wewe kwa mwezi, zidisha, halafu kumbuka kuna masahihisho ya GB kadhaa kila baada ya wiki. Mwenye sali anayekusanya faranga 500 kwa mechi atacheza mechi ngapi kabla mega hazijarudi? Mimi nilifanya hesabu hiyo nikaacha katikati, ilikuwa inaniharibia chakula.

Na hata mega zikiwapo, kuna geti lingine. Ukitaka kufungua akaunti ya duka la Sony, unachagua nchi kwenye orodha. Kongo haimo. Afrika Kusini imo. Majirani zetu wa Uganda, Kenya, Tanzania hawamo. Kwa hiyo vijana wanajiandikisha kama Wafaransa, Wabelgiji ama watu wa Johannesburg, kinyume cha masharti ya duka lenyewe, halafu kadi ya benki inakataliwa juu nchi hazilingani, halafu wanatafuta mtu wa Poto awanunulie kodi. Mwaka 2024 mambo haya yalijitokeza wazi kwa dunia nzima: Sony walitaka wachezaji wa Helldivers 2 kwenye kompyuta wafungue akaunti hiyo kwa lazima, na mchezo ukaondolewa sokoni kwenye nchi zaidi ya 170 ambako akaunti haitolewi. Wachezaji wakaandamana mtandaoni, lazima ile ikafutwa. Lakini waliopiga kelele kubwa walikuwa watu waliokwisha kununua. Sisi ambao geti halijafunguliwa kamwe hatuhesabiwi hata kama waliofungiwa nje.

Najua pingamizi. Kuna mwenzetu mmoja, ekonomisti, aliyeniambia usoni: ninyi hamjawahi kununua CD halali hata moja, Play 2 yenu yote imeishi kwa diski za kunakili za dola moja, sasa mnadai nini kwa kampuni? Ni hoja nzito na sitaikwepa. Ni kweli, diski nyingi zilizopita mikononi mwetu zilichomwa kwenye kompyuta ya mtu. Lakini mwulize pia ni nani aliyewahi kutuuzia halali. Mwaka 2011 Gabe Newell, mkuu wa Valve na kampuni yake ndiyo yenye duka la Steam, alieleza kwamba wizi wa michezo kwa sehemu kubwa unatokana na huduma mbovu kuliko bei. Na kwenye Play 4 hali imebadilika: diski halali za okazioni zinazunguka hapa. Mtu anaingia Kisangani na GTA V, anatoka na Mortal Kombat akiwa ameongeza dola chache. Diski moja inaweza kupita nyumba kumi. Kiwanda kitasema kumi hao hawakulipa. Mimi nasema ndio wateja wa kwanza halali waliowahi kupatikana katika eneo hili, na njia iliyowafanya wawe halali ndiyo inayozibwa.

Na kununua kwenye duka la mtandao si kununua. California walipitisha sheria, ikaanza kazi Januari 2025, kwamba muuzaji wa mchezo wa kupakua lazima amwambie mteja wazi kuwa anapata leseni, si mali. Ubisoft walizima seva za The Crew mwaka 2024, na mchezo ukafa kwa kila aliyekuwa nao, hata mwenye diski. Ulaya watu zaidi ya milioni moja wakasaini ombi la kuzuia mambo hayo. Afadhali wao wana pa kusaini.

Hapa siwezi kuepuka kusema jambo la kwetu. Play 2 ilianza kuuzwa Machi 2000. Juni mwaka huohuo, kuanzia tarehe 5 hadi 10, majeshi ya Rwanda na Uganda yalipigana ndani ya Kisangani. Wazee hawahitaji kukumbushwa. Mwaka ule bei ya tantali, ile inayotoka kwenye koltani, ilipanda vibaya, na baadaye waandishi wengine wa nje wakaiita vita ya Kongo vita ya PlayStation. Mimi jina hilo silipendi. Vita ilikuwa imeanza tangu Agosti 1998, tantali ilitakiwa zaidi na simu na kompyuta, Australia ndiyo iliyokuwa mzalishaji mkubwa, na Kisangani waligombania almasi, biashara na mji wenyewe. Jina lile linampa mtoto anayecheza Tokyo dhambi isiyo yake na linawaondolea wenye bunduki dhambi yao. Lakini hesabu nyingine inabaki. Rubaya, kule Masisi, ambako M23 waliingia 2024, inakadiriwa kutoa karibu asilimia 15 ya tantali ya dunia. Jiwe linatoka nchini bila kuulizwa akaunti. Linaporudi limekuwa mashine, linatuuliza nchi, na nchi yetu haimo kwenye orodha.

Bon, tushuke kwenye mfuko. Marafiki zangu watano, wote wamemaliza chuo, hakuna mwenye kazi ya kudumu, tunacheza nao likelemba. Wanataka zamu ijayo iwe mtaji wa sali ndogo. Hiyo pesa ndiyo yote waliyo nayo, na mmoja ana mtoto wa miezi minne. Wakaniuliza: Play 4 za okazioni, Play 5, ama tungoje?

Kungoja nimewakataza. Zamani kungoja kulilipa. Play 2 ilianza Marekani kwa dola 299 mwaka 2000, ikafika 99 mwaka 2009. Sisi wa okazioni tulikula chini ya hapo. Kanuni hiyo imevunjika. Play 5 ya mdomo iliyotoka kwa 499 ilipandishwa Marekani Agosti 2025 hadi 549.99, ikiwa na karibu miaka mitano, na Pro ikafika 749.99. Mwishoni mwa mwaka huo bei za memori za kompyuta zilipaa pia, kwa sababu vituo vya data vya akili bandia vinazimeza. Anayengoja Play 6 ishushe bei ya Play 5 kama zamani anaweza kungoja mpaka mtoto wa rafiki yetu aanze shule.

Play 4 mbili zenye mdomo mzima, nimesema, na diski halali za mpira na za kupigana. Zisiunganishwe intaneti bila sababu. Na wajue ugonjwa wake: mdomo wa Play 4 umefungwa ndoa na bodi ya mashine yake, ukiharibika huwezi kuchomeka wa mashine nyingine hivihivi, fundi lazima ahamishe kile kibodi kidogo cha ndani. Fundi asiyejua hilo atakula pesa yako na mashine itabaki kipofu.

Mmoja wao hakukubali. Anasema vijana wa kampasi wanaifuata Play 5, na GTA VI, ambayo imetangazwa kwa tarehe 19 Novemba 2026, haitakuja kwenye Play 4. Sali yenye GTA VI itajaza watu mpaka barabarani. Hapo ana haki kuhusu kujaa. Lakini mpira unaisha kwa dakika kumi na wanne wamelipa. GTA ni mtu mmoja anaendesha gari saa nzima na kumi wanaangalia bure. Bado tunabishana.

Kwa wengine mnaokwenda kununua wiki hii, kabla ya kutoa pesa: mwambie muuzaji azime Wi-Fi. Weka diski uliyokuja nayo wewe mwenyewe, si yake. Ngoja mpaka mechi ianze, cheza kipindi chote cha kwanza, sikiliza feni. Halafu itoe diski, irudishe, uone kama mdomo unaipokea mara ya pili. Muuzaji akianza kusema eti Play hii haihitaji CD, kila kitu kiko ndani tayari, muulize hiyo akaunti iliyomo ni ya nani.